Mama Muuguzi Anajibu: Shuleni sindano moja, hospitali binafsi mbili. Nifuate ipi?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Binti yangu Rehema ana miaka 13, yuko Darasa la Sita. Siku walipokuja shuleni kwao na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tulikuwa msibani Lushoto, akaikosa. Wenzake walichomwa sindano moja wakaambiwa imetosha. Dada yangu yuko Dar es Salaam, yeye alimpeleka wa kwake hospitali binafsi, akalipia, akaambiwa arudi baada ya miezi 6 kwa sindano ya pili. Sasa ananiambia ya shule ni nusu kwa sababu ni ya bure. Nilimpeleka Rehema zahanati, tukakaa mpaka saa saba mchana, tukaambiwa turudi siku nyingine. Mtoto hataki tena hata kusikia habari ya zahanati. Nifanyeje?
Mama Rehema, Korogwe

JIBU: Marahaba Mama Rehema, na poleni sana kwa msiba.

Hiyo ya shule si nusu. Chanjo hii ilipoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14, na kila mmoja alichomwa mara mbili kwa kupishanisha miezi 6. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia sindano moja, na umri ukapanuliwa kuwa miaka 9 hadi 14. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshakubali dozi moja kwa umri huo tangu mwishoni mwa 2022, na sehemu ya ushahidi ilitoka hapa hapa kwetu, Mwanza. Wasichana 930 waligawanywa, wengine wakapata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu zao zikapimwa kwa miaka kadhaa. Waliopata moja, kinga yao iliendelea kuonekana. Ninapoambiwa serikali inawapunja watoto wa maskini huwa naumia, maana wasichana waliotufundisha jambo hili ni mabinti zetu wenyewe.

Dada yako naye hakudanganywa. Hospitali nyingi binafsi hufuata ratiba ya mtengenezaji wa chanjo, yaani sindano mbili kwa aliye chini ya miaka 15, tatu kwa aliyefika 15 na kuendelea. Kama ameshalipia, mtoto amalizie, haitamdhuru. Ila asikutie hofu wewe.

Yupo msichana mmoja ambaye sindano moja haimtoshi: anayeishi na virusi vya UKIMWI. Huyo anahitaji angalau mbili, na tatu ni bora zaidi. Timu ya chanjo ikifika darasani haijui hali ya mtoto yeyote, wala haipaswi kumuuliza mbele ya wenzake. Mzazi au mlezi wa mtoto huyo azungumze na muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, anakochukulia dawa, ratiba yake ipangwe pale.

Sasa nije kwa Rehema kukataa zahanati. Simlaumu. Nimefanya kazi ya chanjo miaka mingi, na kuna asubuhi moja ambayo sijaisahau, enzi zile za sindano mbili. Jina la zahanati silitaji. Ilikuwa siku ya kliniki, benchi limejaa wajawazito na kadi zao, mimi nimeshika mtoto mchanga namning'iniza kwenye mzani. Akatokea msichana wa shule, sweta la bluu, mkononi ana karatasi ya mwalimu aliyoikunjakunja mpaka imelegea. Alikosa dozi ya pili shuleni, akaelekezwa kwetu. Mama mmoja akamsogezea nafasi, akamuuliza, “Na wewe una miezi mingapi?” Benchi zima likacheka. Nilipomtoa yule mchanga kwenye mzani, msichana alikuwa ameshavuka barabara.

Kesho yake nilibeba kibebeo cha chanjo nikamfuata shuleni. Nilimchoma katika ofisi ya mwalimu mkuu, mlango umefungwa. Tangu hapo tukawatengea wasichana saa za alasiri, wajawazito wakishaondoka.

Ndiyo maana nasema chanjo ni ileile, lakini mahali inapotolewa panaamua nani ataipata. Shuleni chanjo inamfuata msichana alipo. Zahanati inabidi msichana aifuate yeye, aombe ruhusa ya mwalimu, atembee, akae kwenye benchi lile. Hata ndani ya shule kwenyewe namna ya kuchagua walengwa inaleta tofauti. Mwanza, kuanzia 2010, shule 134 zilijaribiwa kwa njia mbili: katika baadhi walichanjwa wasichana wote wa Darasa la Sita, nyingine wakachaguliwa waliozaliwa 1998 tu. Wakati huo dozi zilikuwa tatu, na kwa dozi ya tatu, zile za darasa zima zilifikia asilimia 78.7 ya wasichana, na zile za umri asilimia 72.1. Na sababu mojawapo kubwa ya kukosa ilikuwa hiyo hiyo ya Rehema, mtoto hakuwepo shuleni siku hiyo. Aliyeacha shule kabisa yuko mbali zaidi, na huyo mimi namlilia kila siku. Kama yupo mtaani kwako, mtaje kwa mhudumu wa afya wa jamii.

Fanya hivi, mwanangu. Nenda zahanati peke yako kwanza, bila Rehema. Muulize muuguzi siku gani chanjo hii ipo na saa ngapi hakuna kliniki ya wajawazito. Wakikuzungusha, mtafute mratibu wa chanjo wa wilaya. Rehema bado yuko ndani ya umri na hutakiwi kulipa chochote. Pita pia kwa mwalimu wa afya shuleni. Sidhani kama binti yako ni peke yake aliyekosa, na wakiwa watano au sita muuguzi anaweza kuwafuata.

Siku yenyewe ale kwanza. Sindano inachomwa begani, na baada yake akae robo saa, maana wasichana wa umri huo wakati mwingine huzirai kwa woga. Mkono utauma siku moja au mbili. Akisikia kwa wenzake kwamba chanjo inafunga kizazi, mwambie si kweli. Kadi aliyoandikiwa iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu akihamia shule nyingine atakuja kuulizwa.

Nawe Mama Rehema, kama umefika miaka 30, waulize siku hiyo hiyo wanapima lini mlango wa kizazi kwa siki, kuangalia dalili za awali za saratani. Chanjo ya binti haikukingi wewe.