Jino lililonyamaza halijapona

SWALI: Daktari, asalamu aleikum. Mimi ni mama wa Kisauni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Jino langu la nyuma, chini kulia, lina tundu tangu mwaka jana. Mwezi uliopita liliniuma siku tisa, usiku silali. Nikatia mafuta ya karafuu, yakaniunguza ufizi. Nikasukutua kwa maji ya chumvi. Mwisho duka la dawa wakanipa vidonge vile vya rangi mbili, nyekundu na njano. Siku ya nne likanyamaza kabisa, nikamshukuru Mungu. Sasa nikilitafunia lauma tena, na kwenye ufizi pametoka kipele kinachopasuka chenyewe na kuacha ladha ya chumvi mdomoni. Je, ninunue dozi nyingine, au niende kwa mzee mmoja jirani anayetoa wadudu wa meno? Na karafuu niitie vipi isiniunguze tena?

JIBU: Waaleikumu salamu, dada yangu. Dozi nyingine usinunue, na kwa mzee usiende. Jino hilo lahitaji mkono wa daktari wa meno wiki hii, hata ikibidi mahamri yalale siku moja.

Katika swali lako kuna neno ninalolisikia karibu kila siku na linaloniumiza moyo kuliko yote: likanyamaza. Mgonjwa huniambia hivyo akitabasamu, kama mtu aliyepewa habari njema. Nami nikimfungua mdomo naona jino limegeuka rangi, kijivu kama kucha iliyopigwa nyundo, na najua lilinyamaza kwa sababu limekufa.

Katikati ya jino kuna chumba chembamba chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Chumba cha jino hakina pa kutanukia, kuta zake ni ngumu pande zote, kwa hivyo uvimbe hujibana wenyewe ndani kwa ndani. Ndiyo maana maumivu yale yalidunda pamoja na moyo, na ndiyo maana ulipolala yakazidi, kwani ukilala damu hujaa zaidi kichwani. Mbano ule ukiendelea, damu haipiti tena na mshipa hufa. Mshipa uliokufa haulii. Kwa dalili ulizoeleza, siku yako ya nne ndiyo siku hiyo, na sifa ikakiendea kidonge kwa kuwa ndicho kilichokuwa mkononi.

Vijidudu havikufa pamoja na mshipa. Vimebaki humo chumbani vikila mabaki, vikateremka hadi ncha ya mzizi na kutokea kwenye mfupa wa taya. Kipele hicho ni mlango ambao usaha umejichimbia ili upate pa kutokea, na ile ladha ya chumvi ni usaha wenyewe. Kwa sasa mlango uko wazi, ndiyo maana hujavimba shavu. Ukijifunga siku moja, utajua.

Sasa hivyo vidonge. Dawa ya kuua vijidudu husafiri kwa damu, na chumba kilichokufa hakifikiwi na damu. Hata umeze makopo matatu, dawa itapita jirani na jino lako kama gari lipitalo barabara kuu, nyumba iliyo ndani ya uchochoro isiione. Itapunguza vijidudu vilivyokwisha kutoka nje ya mzizi, utapata wiki mbili tatu za nafuu, kisha utarudi pale pale, na vilivyosalia vimeizoea dawa. Na wakati jino lilipokuwa likikukesha, kabla mshipa haujafa, dawa hiyo haikuwa na kazi kabisa, kwa kuwa yale yalikuwa maumivu ya mshipa uliobanwa. Sisi wenyewe huiandika pale uvimbe unapoenea au homa inapoingia, tena pamoja na kulifungua jino au kuling'oa, si badala yake.

Nasikitika kusema kuna wauza dawa wanaolijua hili na bado wanauza. Wagonjwa huniletea vibahasha vya karatasi: kidonge cha rangi mbili, kikubwa cheupe, kidogo cha manjano, hakuna jina, hakuna kipimo, ila maneno ya kalamu, "1x3". Mama mwenye vidonda vya tumbo amepewa dawa ya kumchubua tumbo kwa ajili ya jino, wala hakuna aliyemuuliza lolote.

Hadi utakapomfikia daktari, haya ndiyo ya kukutuliza. Mtu mzima asiye na maradhi mengine ameze ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku na si zaidi. Pamoja nayo aweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti na zikienda pamoja hushinda nyingi zinazosifiwa kuwa kali. Angalia tu usizidishe parasetamoli bila kujua, maana imo pia katika vidonge vingi vya mafua. Ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, mimba, pumu inayochochewa na dawa hizo, wala anayemeza dawa za kuyeyusha damu. Na hapa kwetu Mombasa, ambako homa ya dengi imewahi kutuvamia zaidi ya mara moja, mwenye homa isiyojulikana chanzo abaki na parasetamoli pekee, kwani ibuprofeni humzidishia mwenye dengi hatari ya kutoka damu.

Barafu ifunge kwenye leso uikalishe shavuni dakika kumi na tano, uipumzishe, urudie. Usikande kwa kitambaa cha moto, hasa pakiwa na uvimbe. Lala kwa mito miwili. Sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu.

Karafuu ni dawa kweli, tena sisi wa Pwani tunaijua tangu kwa mabibi zetu. Ndani yake mna yujenoli, ambayo hata sisi huitumia katika dawa za kuziba meno. Ilikuunguza kwa sababu mafuta yake ni makali. Tone moja huchanganywa na kijiko kidogo cha mafuta ya nazi, pamba ichovywe, ikamuliwe, iguse tundu pekee kwa dakika chache, kisha itolewe. Mtoto mdogo asitiwe. Lakini wewe, kwa jino hilo sasa, karafuu haina kazi tena. Hutia ganzi mshipa, na mshipa wako haupo. Kinachouma leo ni mfupa unaoshikilia mzizi, huko karafuu haifiki.

Vitu vingine vyote msitie. Aspirini ikikalishwa juu ya ufizi huuchoma ukawa mweupe kama utando wa maziwa, ukiushika wabanduka. Nimeona spiriti, nimeona mafuta ya taa, nimeona hata maji ya betri. Mtu alikuja na tatizo moja akawa na mawili.

Na huyo mzee wa wadudu. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniletea wadudu wake wamefungwa kwenye pamba. Alikuwa amefunikwa leso kichwani, mbegu zikatupwa juu ya kigae cha moto, akavuta moshi huku mdomo ukielekea bakuli la maji. Vikaonekana vitu vyeupe vikielea. Niliviweka chini ya taa nikavifungua kwa ncha ya sindano. Havikuwa na kichwa, mguu, wala tumbo. Kilikuwa kiini cha mbegu, cheupe, kimejikunja, ambacho hutoka ganda likipasuka kwa joto. Nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda, kisha akauliza mbona basi maumivu yaliisha baada ya moshi. Yaliisha kwa sababu ile ile ya kwako, dada: mshipa ulikuwa ukifa. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alikwisha kuandika kwamba aliwatafuta wadudu hao asiwaone, na hadi leo watu wanalipa kuonyeshwa.

Ninalolihofia kwenu nyote mnaosoma ni hili. Kijana wa bodaboda aliingia kwangu ameinamisha kichwa mbele, ameshika taulo dogo la kufutia mate asiyoweza kuyameza. Chini ya taya pande zote mbili pamekuwa pagumu kama ubao, ulimi umeinuliwa na uvimbe, sauti yake kama ya mtu aliyefumbata kaa la moto mdomoni. Sikumkalisha kitini, nilimwitia gari la wagonjwa. Hospitalini walimfungulia njia ya hewa, wakamtoa usaha, wakang'oa jino, akapona. Jino lake la nyuma, chini, lilikuwa limenyamaza wiki tatu. Ugonjwa huo ulielezwa na Mjerumani Ludwig mwaka 1836, na huua kwa kuziba pumzi.

Kwa hivyo ukiona mdomo haufunguki kutosha vidole viwili, kumeza kumekuwa kazi, mate yatiririka, sauti imebadilika, uvimbe washuka shingoni au wapanda kufunga jicho, au homa na kutetemeka vimeingia, usingoje kliniki ifunguliwe. Nenda dharura ya Hospitali Kuu ya Pwani, hata kama ni saa nane za usiku. Pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali yoyote iliyo karibu zaidi.

Kwako wewe hatujafika huko. Daktari atapiga picha ya eksrei, kisha mtachagua: kusafisha mzizi na kulijenga jino upya, ambako ni ghali na huhitaji kurudi zaidi ya mara moja, au kuling'oa, ambako ni nafuu na huisha siku ile ile. Uliza bei kabla ya kukaa kitini, si aibu. Tazama ukutani kama pana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ya mwaka huu. Isipokuwapo, ondoka. Kula kabla ya kwenda. Na usimfiche daktari chochote ulichotia au kumeza. Kama kibahasha cha vidonge kimebaki nyumbani, kibebe.