Maswali ya wasomaji: Kozi wa vuli

*Klabu ya mazingira ya skuli yetu imesoma kwamba huko Batumi, Georgia, huhesabiwa ndege mbuai zaidi ya milioni moja kwa msimu mmoja. Tukienda Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, Novemba na darubini mbili, tutaona nini, na tuhesabu vipi?* — Mwalimu, Wete

Milioni msiitegemee. Tai na shakivale husafiri kwa kupandia hewa ya moto inayoinuka ardhini, na baharini hewa hiyo hawaipati. Ndiyo maana hubanana Batumi, kati ya Bahari Nyeusi na milima, na wakija huku kwetu wengi hupitia bara. Ndege wenu ni kozi, maana wao hupiga mbawa na maji hayawatishi. Kozi wa Eleonora hutoka visiwa vya Mediterania kwenda Madagaska, na mtafuteni Oktoba mwishoni na Novemba. Kozi wa Amur hutoka Siberia na kaskazini mwa China, akavuka bahari kutoka India. Huyo hufika kaskazi inapoanza kushika, na baada ya mvua hufuata kumbikumbi.

Kuwatofautisha, tazameni bawa kwa chini. Dume la Amur ana weupe sehemu ya mbele ya bawa na miguu ya rangi ya chungwa. Eleonora ni kinyume chake, mbele kweusi na nyuma kumepauka. Asiyetambulika aandikwe “kozi, aina haijulikani”. Daftari lisilo na safu hiyo silo la kuaminika.

Tazameni kaskazini. Novemba jua la adhuhuri liko kusini ya utosi, kwa hiyo litakuwa mgongoni. Chagueni alama mbili, mnazi huu na ule, mvute mstari wa kufikirika baina yao; ndege huhesabiwa anapoukata mstari kuelekea kusini, si anapoonekana. Akirudi kaskazini, mtoeni mmoja. Pekueni anga kwa macho kwanza, kisha kwa darubini, ngumi moja baada ya nyingine: ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama digrii 10, na darubini ya 8×42 (inayokuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) huona pungufu kidogo ya hapo, basi mikato ipandane. Mawingu meupe ni neema, maana kwenye buluu tupu kozi wa juu humezwa na anga.

Kundi likizunguka hewani msilihesabu. Ngojeni litawanyike na kuteleza kwa mstari, ndipo muhesabu wanaotoka. Likiwa kubwa, hesabuni 10 kwa hakika, mkariri ukubwa wa fungu hilo, kisha mpime kundi zima kwa mafungu. Wawili wakadirie kila mmoja kivyake kabla ya kuambiana; anayesikia namba ya mwenzake huisogelea bila kujijua.

Mmoja aandike tu, asishike darubini. Kila saa ina mstari wake: upepo, mawingu, waangalizi wangapi, ndege wangapi. Saa isiyo na ndege iandikwe 0, maana isipoandikwa, mwakani hamtajua kama hawakupita au nyinyi ndio mlikwenda kula. Na saa iwe ya simu, 08:00, si “saa 2”. Mmoja akiandika kwa Kiswahili na mwenzake kwa simu, jedwali lote huenda kombo kwa saa 6, na kosa hilo huonekana msimu ukishakwisha.

*Nilihesabu mwewe 40 kwa saa moja karibu na diko. Ni wahamiaji?* — Msomaji, Makunduchi

Yamkini ni wale wale 5 au 6 waliokuzunguka, maana diko lina matumbo ya samaki na hakuna mwewe anayeliacha. Mhamiaji huenda njia moja na harudi. Ukitaka kuwahesabu wa hapo, piga jicho mara moja kila nusu saa, uandike idadi kubwa kabisa uliyoiona kwa mpigo mmoja, wala usijumlishe.

*Darubini ya 12× si bora kuliko ya 8×?* — Msomaji, Chake Chake

Kwa kazi hii, hapana. Hukuza na mtetemo wa mkono, na uwanja wake ni mwembamba. Kozi huupita kabla hujamlenga. Pesa iliyobaki nunueni kofia na maji.