Gimba lenye njia ya nyotamkia lakini halina mkia

Swali: Nasikia kuna magimba ya angani yanayozunguka Jua kwa mamia au maelfu ya miaka kama nyotamkia, ila hayana mkia. Mnajuaje kama ni nyotamkia zilizoishiwa barafu au ni asteroidi, yaani vipande vya miamba? Na kwa darubini yangu ya inchi 8 naweza kuyachunguza?

Jibu: Obiti peke yake haitoshi. Inaonyesha gimba limetokea wapi safari hii, si lilikozaliwa.

Kwanza tunahakikisha kama kweli limetulia, yaani halitoi vumbi wala gesi. Picha nyingi hupangwa moja juu ya nyingine kwa kufuata mwendo wa gimba, kisha nukta yake hulinganishwa na za nyota zilizo jirani. Ikiwa imetanuka kuliko nyota, kuna vumbi linalotoka.

Halafu ndiyo tunaangalia rangi, na hapo ndipo penye uhondo. Uso wa nyotamkia iliyokufa ni mweusi wenye wekundu, na mwanga unaorudi huongezeka taratibu kuelekea upande mwekundu. Miamba iliyopikwa karibu na Jua, yenye madini ya olivini na piroksini, humeza mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na maikroni 1, nje kidogo ya mwekundu tunaouona, kwa hiyo mchoro wa spektra (mwanga uliotenganishwa kwa rangi zake) hubonyea hapo.

Gimba liitwalo C/2014 S3 ndilo mfano ninaoupenda. Darubini ya Pan-STARRS, Hawaii, ililiona mwaka 2014 likiwa kama kilomita milioni 300 kutoka kwenye Jua, umbali ambao nyotamkia ya kawaida ingekuwa inafuka. Obiti yake ni ya miaka 860 hivi. Mwanaastronomia Karen Meech na wenzake walipolipima kwa darubini ya VLT, Chile, walikuta mbonyeo ule wa miamba, na utoaji wa vumbi ulio mdogo mara laki moja hadi milioni moja kuliko kawaida. Yaelekea liliumbika ndani, jirani na sayari kama Dunia, likarushwa mbali na mvuto wa sayari kubwa hadi Wingu la Oort, eneo la magimba ya barafu lililo mbali sana kuzunguka Jua. Ila gimba moja halithibitishi nadharia ya jinsi hayo yalivyotokea. Walikadiria yanahitajika magimba 50 hadi 100 ya aina hii ili kuamua sayari kubwa zilihamahama vipi zamani.

Kwa inchi 8, hapana, ni hafifu mno. Lakini ukiwa na kamera, chagua nyotamkia inayong'aa ujizoeze kupanga picha kwa mwendo wake badala ya nyota. Mbinu ni ileile, na programu za bure zipo.