Siku Zilizomezwa na Maji ya Gamba

Mhariri, mmeuliza: mfanyakazi akikwama safarini akitoka likizo, siku alizochelewa zihesabiwe kwake au kwa mwajiri? Mimi naanzia kwingine: atathibitishaje kwamba alikwama?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa siku zisizopungua 21 za kazi za likizo yenye malipo kila miezi 12. Barabara ikikatika, haisemi neno. Kifungu cha 44 kinahesabu kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa la kufutwa. Cha 19 kinaruhusu kukata mshahara wa siku moja kwa kila siku nzima iliyokosekana hivyo, basi. Ugomvi wote umo kwenye hiyo "sababu halali".

Chukueni Novemba 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Garsen kuja Lamu pale Gamba na Lango la Simba. Mtu alitakiwa Jumatatu, akaingia Alhamisi. Tikiti inaonyesha aliondoka Mombasa Jumapili. Haionyeshi alilala Garsen. Picha ya maji? Zilijaa kwenye kila simu. Picha ya basi lake likiwa foleni, nambari ikisomeka, hiyo ina uzito. Na ujumbe wa M-Pesa wa kulipia gesti una tarehe na saa, tena taarifa yake hupatikana hata simu ikizama. Kisha bosi apewe habari kabla ya zamu kuanza. Kumwambia mwenzako "nisemee" hakuhesabiki. Wako wanaotafuta karatasi ya hospitali ili mambo yaishe upesi; hapo aliyekuwa na sababu halali anajitia kwenye udanganyifu.

Nilipokaa kuandika nilitaka mwajiri abebe siku zote. Sasa nasita. Anayetoka kisiwani, Faza au Kizingitini, akisema boti ilichelewa kwa sababu maji yalikupwa, saa za kujaa na kupwa hujulikana mapema. Kupwa si dharura. Hata Gamba, aliyeondoka Mombasa habari zikiwa zishaenea kwamba njia imekatika, alijiingiza mwenyewe.

Basi nasema siku ya kwanza aibebe mwajiri, zinazofuata zitoke kwenye salio la zile 21, wote wawili waandikiane. Asiyebakiwa na siku atakatwa mshahara, na hilo silipendi. Na kama safari yenyewe alitumwa na kazi, hayo yote hayamhusu: alikuwa kazini.