Kwateti ya Nne ya Bartók: anzia sehemu ya nne

Ukitaka kuuingia muziki wa kisasa wa kwateti, yaani vayolini mbili, viola na chelo, chukua Kwateti ya Nne ya Béla Bartók, Mhungaria, aliyoitunga mwaka 1928. Ina sehemu tano. Usianze ya kwanza. Ruka hadi ya nne.

Humo hakuna anayetumia uta. Wote wanne wanadonoa nyuzi kwa vidole mwanzo hadi mwisho, na mahali pengine uzi unavutwa kwa nguvu hadi unajipiga kwenye shingo ya chombo, ta! Sisi wa Mtwara hatuna ugeni na hili. Aliyekulia karibu na sindimba anajua kwamba ngoma ndogo ina kazi yake na kubwa ina yake, na utamu uko katika kupishana kwao. Sikiliza hivyo hivyo. Mara ya kwanza ifuate chelo peke yake, mara ya pili vayolini ya kwanza.

Wanakwaya wenzangu nawasisitizia zaidi, maana tumezoea soprano ibebe wimbo na besi ishikilie chini. Kwa Bartók kila sauti ina neno lake. Mmoja akianza, mwenzake anamdaka kabla hajamaliza, na kilichopanda kwa huyu kinashuka kwa yule.

Kisha rudi sehemu ya pili. Ni pacha wa ile ya nne, ila wimbo umebanwa kwenye hatua fupi fupi, nyuzi zimewekewa vififishi vya kupunguza sauti, na wote wanakimbia.

Sehemu ya tatu isikilize usiku, peke yako. Watatu wanashikilia sauti tulivu, kwanza bila kutetemesha vidole, halafu kwa kutetemesha, na chelo inasema maneno marefu juu yao. Wapo wanaodai muziki wa aina hii hauna moyo. Siwakubalii hata kidogo, na sehemu hii ndiyo ushahidi wangu.

Ya kwanza na ya tano ni kali, ziache mwisho. Zote mbili zinafunga kwa kauli ileile fupi. Huyu mtu alizunguka vijijini miaka mingi akirekodi nyimbo za wakulima, na mwaka 1913 alifika Biskra, Algeria, kwa kazi hiyohiyo. Kishindo cha sehemu ya tano mimi nakisikia kimetoka huko.

Spika ya simu inaimeza chelo, kwa hiyo tumia hedifoni, hata zile za bei ndogo za sokoni. Shusha rekodi nzima kwanza, bando lisije likakukatia katikati. Haizidi nusu saa.

Ukishaizoea, mtafute Justinian Tamusuza wa Uganda. Sehemu ya kwanza ya kwateti yake, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, imo katika albamu ya mwaka 1992, Pieces of Africa, ya Kronos Quartet, kundi la kwateti la Marekani. Ningeisikiliza baada ya Bartók, si kabla: sikio likishajua kufuata sauti nne kwa pamoja, mapigo ya Kiganda yaliyomo hayakupiti.