Earl Root na hevi metali ya usiku wa manane

Wakuu,

Mleta mada anauliza kama mtangazaji mmoja wa redio anaweza kumfanya mtu apende muziki ambao mwanzo aliuona kelele tupu. Anaweza. Mimi yalinikuta Minneapolis, Marekani, enzi zile nabeba boksi, na mtangazaji mwenyewe aliitwa Earl Root, mpigaji wa hevi metali redioni, yaani ule muziki wa roki wenye magitaa mazito na sauti za kubweka.

Nilikuwa shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ukishamaliza kuwageuza na kuwabadilishia mashuka, yanabaki yale masaa ambayo usingizi unakukaba koo. Redio ya jikoni ilikaa muda wote kwenye KFAI, 90.3 FM, maana mwenzangu wa kazi, Msomali aliyekulia Eastleigh na Kiswahili chake safi kabisa, alifuata vipindi vya Kisomali humo. KFAI ni redio ya jamii. Ilianza 1978 kwenye mnara wa kanisa ikiwa na mtambo wa wati 10 tu, baadaye ikahamia Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis wenye yale maghorofa marefu yaliyojaa Wasomali. Sasa wikendi moja usiku wa manane likatoka gitaa zito linanguruma na jamaa anabweka juu yake. Mwenzangu akasema, "Zima hiyo, wazee watadhani kiama kimefika."

Nilipunguza sauti, sikuzima. Kipindi cha Earl Root kiliitwa The Root of All Evil, yaani shina la mabaya yote, jina la ukoo wake likicheza na ule mstari wa Timotheo kuhusu kupenda fedha. Na fedha yenyewe haikuwepo, maana redio ya namna ile inaendeshwa zaidi na watu wa kujitolea na michango ya wasikilizaji. Root alikuwa pia na duka la rekodi pale St. Paul, mji jirani na Minneapolis, likiitwa Root Cellar Records. Kwa hiyo mchana yuko na hevi metali, usiku yuko nayo.

Kilichonishika ni ule ukoo wa muziki. Ukimsikiliza mtu wa namna ile unaanza kujua nani katoka kwa nani, kama mzee wa Mombasa anavyokupangia vikundi vya taarabu na nani alimkimbia nani. Nikaanza kuchimba mwenyewe. Nikajua kwamba Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham, Uingereza, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, nazo zikilegea sauti inazidi kuwa nzito. Ile sauti nzito tunayoiita ya shetani imechangiwa na ajali kazini, jamani! Mbeba boksi gani asiguswe na hadithi hiyo?

Redio ya biashara haiwezi kukupa kitu hiki. Saa nane usiku hakuna tangazo la kuuza, basi wanaiachia kompyuta ipige nyimbo zilezile za mchana. Redio ya jamii saa hizo inampa mtu ambaye angekuja hata kama wanaomsikiliza ni walinzi, madereva wa teksi na sisi wa mashuka. Wengine wataniambia siku hizi kuna intaneti, kila kitu unakipata. Kweli, unapata unachokitafuta. Mimi hevi metali sikuwa naitafuta.

Root alifariki 2008 kwa saratani. Kipindi hakikufa naye, wenzake waliendelea nacho kwa jina lilelile, na hilo kwangu linasema mengi kuliko tuzo yoyote.

Kwa mleta mada: anza na albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya 1970, usiku, taa zimezimwa. Ukiizoea, njoo nyumbani Afrika Mashariki usikilize kundi la Duma la Nairobi, albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ila usianze na hao Duma, mkuu. Utakimbia na hutarudi tena kwenye uzi huu.