Mkanda Wenye Chenga Si Lazima Uwe Umeharibika

Nilikuta mikanda 14 ya video ya VHS kwenye boksi, nikaamua kuihamishia kwenye kompyuta, na kwa pupa nikaanza na ule nilioutamani kuliko yote: bibi yangu akiwaimbia wajukuu na kuwapigia makofi. Deki ilikuwa imekaa miaka bila kuwashwa. Ikaumeza mkanda, ikaonyesha chenga tupu, kisha ikaanza kuutafuna. Nilichomoa umeme, nikafungua kifuniko na kuunasua mkanda polepole kwa vidole. Mikunjo ile haikufutika. Mpaka leo kuna sekunde kadhaa za wimbo wa bibi ambazo picha yake imepindapinda. Iliniuma sana, na inaniuma bado. Kwa hiyo tafadhali, anza na mkanda ambao hata ukiharibika hutalia.

Kabla hata ya kuuingiza, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti, ili deki isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha chungulia kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe au madoa kwenye kingo za mkanda uliojiviringisha, hiyo ni kuvu. Usiucheze. Deki ikishashika kuvu itaupaka kila mkanda utakaofuata.

Jaribio la kwanza liwe deki na televisheni peke yake, bila kompyuta. Watu wengi hubadilisha programu tatu na waya nne huku tatizo liko ndani ya deki. Picha ikiwa na chenga hata kwenye televisheni, sogeza kwanza trakingi, yaani kirekebisho cha jinsi deki inavyoufuata mkanda. Isiposaidia, shuku vichwa vya kusomea.

Hapa sitaki uharakishe. Chomoa umeme, fungua kifuniko, na usiguse upande wa saketi za umeme. Utaona ngoma ndogo ya chuma inayong'aa, iliyolala kimshazari. Vichwa ni vipande vidogo mno vilivyochomoza kidogo tu ukingoni mwake. Chukua karatasi laini isiyoacha nyuzi, ilowanishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, uiegemeze kwenye ngoma kwa wepesi, halafu mkono mwingine uizungushe ngoma kwa kushika sehemu ya juu. Karatasi itulie, ngoma ndiyo izunguke. Usisugue kwenda juu na chini hata mara moja, maana kichwa huvunjika. Pamba za masikio pia ziache: nyuzi zake hunasa kwenye vichwa. Mara ya kwanza karatasi yangu ilitoka na mstari wa kahawia iliyokolea. Ya tatu ilitoka safi. Niliacha deki ikauke kabisa, nikaweka mkanda wa majaribio, na chenga zote zilikuwa zimeondoka. Mkanda niliodhani umekufa ulikuwa mzima siku zote.

Deki inayotafuna mara nyingi ina kigurudumu cha mpira kilichokauka na kung'aa kama kioo, au mkanda wa mpira uliolegea. Kisafishe, kikiwa kigumu, kibadilishe. Na mkanda uliokaa sana upeleke mbele hadi mwisho, kisha urudishe mwanzo, kabla ya kuucheza.

Televisheni ikionyesha vizuri lakini kompyuta ikabaki nyeusi, basi shida iko baada ya deki: kwenye waya, kwenye kifaa cha kunasa picha kinachoziingiza kwenye kompyuta, au kwenye programu. Pini ya njano ni picha. Nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na kulia. Ndani ya programu hakikisha umechagua tundu lile lile ulilochomeka. Angalia pia mfumo wa televisheni uliotumika kurekodi mkanda: PAL ina mistari 625 na fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, NTSC ina mistari 525 na fremu karibu 30. Ukichagua mfumo usio wake, picha hupoteza rangi au hupanda na kushuka bila kutulia.

Tatizo lililonitesa zaidi lilikuwa sauti kuachana na picha. Kwenye dakika ya 40 bibi alikuwa ameshakutanisha viganja, na sauti ya kofi ndiyo kwanza inafika. Mwendo wa mkanda mzee huyumba. Televisheni za zamani huvumilia, ila kifaa cha kunasa picha hudondosha fremu. Nilikuwa nimekichomeka kwenye kigawanyo cha USB pamoja na vitu vingine. Nilipokihamishia kwenye tundu la kompyuta yenyewe na kufunga programu nyingine zote, fremu nyingi zilirudi. Zilizobaki ziliisha nilipoazima deki yenye kisahihisha mwendo wa ishara ndani yake. Kama unaweza kupata ya namna hiyo, hata kwa siku mbili, ipate.

Rekodi ikikatika kila ikifika GB 4, diski yako imepangwa kwa FAT32, mpangilio usiokubali faili kubwa kuliko hapo. Ipange upya kwa mpangilio mwingine baada ya kutoa vilivyomo. Faili za video za muundo wa DV hula takriban GB 13 kwa saa, basi andaa nafasi. Ule mstari wa fujo chini kabisa ya picha usikusumbue, ni kawaida ya VHS.

Ukimaliza, usiitupe deki. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho aliyejulikana, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Mkanda wa bibi nimeunakili mara mbili, na naipenda zaidi ile ya pili, ambayo kofi na viganja vinakutana.